Kreatinini ya damu au albumini ya mkojo? Kipimo kipi cha figo kinausemea moyo wa mwenye kisukari

Mama mmoja wa miaka 58 alisimama dirishani kwetu maabara na fomu yenye alama mbili za vema. Ya kwanza kreatinini ya damu, ya pili albumini ya mkojo, ile inayoandikwa ACR. Akazikunjua noti zake, akazihesabu mara mbili.

"Mwanangu, hela inatosha kimoja tu. Si nipime cha damu? Mkojo nilishapima kliniki wakasema hauna kitu."

Sukari anayo mwaka wa 11, presha mwaka wa sita. Daktari wake hakumtuma kwa sababu figo zinamsumbua. Hazimsumbui, miguu haivimbi, mkojo unatoka. Alimtuma kwa sababu ya moyo, maana dada yake wa kuzaliwa alianguka kwa kiharusi kabla hajafika 60. Mama mwenyewe alikuwa anashangaa njiani kote: moyo uko kifuani, sasa kikopo cha mkojo cha nini?

Swali lake nalisikia karibu kila wiki ya kliniki ya sukari. Mimi ni mtu wa maabara, dawa siandiki, ila vipimo navijua kwa tabia zao, vinaposema kweli na vinapodanganya. Basi niviweke pamoja mezani, kijiti cha mkojo, ACR, kreatinini na yule mgeni anayeitwa sistatini C, tuone mwenye kisukari anayeogopa moyo na kiharusi aanzie wapi.

Figo na moyo vinakutana wapi

Karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo huenda moja kwa moja kwenye figo. Huko inapita kwenye vifundo vya mishipa midogo sana, takriban milioni moja kwa kila figo, na kwa siku nzima huchujwa lita 180 hivi. Albumini, protini kubwa ya damu, inatakiwa ibaki ndani. Ikianza kuvuja, ujue utando unaofunika mishipa kwa ndani umeanza kulegea.

Mwaka 1989 watafiti wa kituo cha kisukari cha Steno kule Denmaki walitoa hoja ambayo mpaka leo ndiyo inayotuongoza: mshipa unaovuja kwenye figo hauvuji peke yake. Mishipa ya moyo, ya ubongo na ya macho imo kwenye hali hiyohiyo, ila hakuna kikopo cha kukingia kinachovuja huko. Mkojo ndio dirisha tulilopewa.

Uingereza kulikuwa na utafiti mrefu wa UKPDS, uliowafuata wenye kisukari cha aina ya pili tangu siku walipogunduliwa. Hesabu zake za mwaka 2003 sijazisahau. Wasio na dalili ya figo walikuwa wakifa asilimia 1.4 kwa mwaka. Wenye albumini kidogo kwenye mkojo, asilimia 3.0. Wenye albumini nyingi, 4.6. Ambao kreatinini, taka za misuli zinazotolewa na figo, ilishapanda au wanasafishwa damu, 19.2. Vifo vya moyo na mishipa vilipanda ngazi hizohizo. Na aliyefika kwenye albumini nyingi alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa ndani ya mwaka kuliko figo zake kufikia kufeli. Watu wanaogopa mashine ya kusafisha damu, kumbe wengi moyo unawawahi kabla ya kuifikia.

Kijiti cha mkojo

Hiki sitakaa nacho sana. Ni cha bei ndogo, kipo hadi zahanati za vijijini, na kina kazi zake. Lakini kwa swali letu ni kipofu wa mbali. Vijiti vingi vya kawaida havibadiliki rangi waziwazi mpaka protini ikaribie miligramu 300 kwa lita, na hatari ya moyo huanza chini kabisa ya hapo. Tena ukinywa maji mengi asubuhi kwa sababu muuguzi alisema uje na mkojo, unaufanya mwepesi na kijiti kinaona kidogo zaidi.

Kijiti kikisema "ipo", amini, fuatilia. Kikisema "hakuna", kwa mwenye sukari hilo si jibu. Ndicho alichopimwa yule mama miaka yote, na ndiyo maana alijiona mkojo wake hauna kitu.

ACR

ACR ni albumini ikigawanywa kwa kreatinini iliyomo kwenye mkojo huohuo. Mgawanyo huo ndio ujanja wote. Chukua mkojo mzito wenye albumini miligramu 40 kwa lita na kreatinini milimoli 4 kwa lita, unapata 10. Mtu huyohuyo akinywa maji mkojo ukawa mwepesi mara mbili, albumini 20 na kreatinini 2, bado ni 10. Maji hayaidanganyi ACR kama yanavyokidanganya kijiti.

Chini ya 3, kwa miligramu kwa milimoli, ni kawaida. Kuanzia 3 hadi 30 imepanda kiasi, ile iliyozoeleka kuitwa mikroalbumini. Juu ya 30 imepanda sana. Hapa pana mtego wa vizio: maabara nyingine huandika kwa gramu ya kreatinini, na huko mipaka ni 30 na 300. Nimeona mtu mwenye 28 ameambiwa yuko salama kwa sababu "haijafika 30", kumbe karatasi iliandikwa kwa milimoli na alikuwa anagonga mlango wa ngazi ya juu kabisa. Soma kizio kabla ya kusoma namba.

Sasa sifa yake kubwa kwa upande wa moyo. Mwaka 2010 kwenye jarida la Lancet zilichapishwa hesabu za watu zaidi ya milioni 1 kutoka tafiti nyingi zilizounganishwa. Ukilinganisha na mtu mwenye ACR ya 0.6, hatari ya kufa ilikuwa mara 1.2 ya yake kwa mwenye 1.1, yaani mtu ambaye sisi maabara tungemwandikia "kawaida" bila wasiwasi. Kwa mwenye 3.4 ilikuwa mara 1.63. Kwa mwenye karibu 34, mara 2.22. Hakuna mahali ambapo mstari unakaa tambarare kisha ghafla unapanda. Unapanda tangu chini. Miaka miwili baadaye kundi hilohilo la watafiti likaonyesha kwamba mwenendo huo uko kwa wenye kisukari na wasio nacho. Na mwaka 2015 walipouliza swali letu hasa, kipi kati ya viwili kinasaidia zaidi kubashiri magonjwa ya moyo ukishajua umri, presha, lehemu na uvutaji sigara, ACR iliishinda hesabu ya kreatinini, hasa kwa moyo kushindwa kusukuma damu, ule ambao wengi wanauita moyo mkubwa, na kwa vifo vya moyo.

Udhaifu wake? Ni mwepesi wa kushtuka. Homa, UTI, siku za hedhi, mazoezi mazito ndani ya saa 24, sukari iliyopanda sana, vyote vinaweza kuipandisha bila mishipa kuwa na kosa. Kijana mmoja alikimbia mbio za kilomita 21 Jumapili, Jumatatu asubuhi akaleta mkojo. Majibu yakamtisha, wiki mbili baadaye akarudia ikawa 1.4. Ndiyo maana jibu moja lililopanda si hukumu. Inatakiwa ipande katika sampuli mbili kati ya tatu, ndani ya miezi mitatu hadi sita. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora. Acha matone ya mwanzo yapite, kinga ya katikati.

Kreatinini, na hesabu iliyofichwa ndani yake

Kreatinini ni taka za misuli. Figo zikizubaa, inajaa kwenye damu. Yenyewe kama namba tupu haisemi kitu mpaka ujue ni ya nani, na hapa ndipo watu wanapopotezwa sana.

Mama yetu alikuwa na daftari la kliniki. Nikamwomba nilione. Miezi minne nyuma alishapima kreatinini mahali pengine: mikromoli 97 kwa lita, na pembeni imeandikwa "kawaida", kwa sababu maabara ile ilikuwa na kiwango kimoja cha kawaida kwa watu wazima wote. Nikaitia 97 hiyo kwenye fomula ya CKD-EPI ya mwaka 2021, inayotaka kreatinini, umri na jinsia tu, ikatoa kasi ya kuchuja, ile eGFR, ya 58. Kijana wa kiume wa miaka 28 mwenye 97 ileile anapata 94. Namba moja, watu wawili, figo tofauti kabisa. Chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu tayari ni ugonjwa sugu wa figo, hata kama karatasi imeandikwa kawaida.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi moja kwa moja. Fomula ya zamani ya 2009 ilikuwa inamwongezea mtu mweusi, inazidisha jibu kwa 1.159. Kwa fomula hiyo mama huyu angepata 64, juu ya mstari, akarudishwa nyumbani. Nyongeza hiyo iliondolewa mwaka 2021, lakini bado zipo programu za simu na mashine zinazouliza rangi yako. Ukiona swali hilo, jua unatumia fomula iliyopitwa. Hata bila nyongeza, kreatinini bado ina upole wa kupita kiasi kwa miili yetu. Utafiti uliofanyika Malawi, Afrika Kusini na Uganda, uliochapishwa mwaka 2022, ulipima uchujaji wenyewe kwa njia ya moja kwa moja, ukakuta hesabu za kreatinini zinazipamba figo kuliko zilivyo.

Sababu kubwa ni misuli. Bibi aliyekonda, mzee aliyekatwa mguu kwa kidonda cha sukari, mtu aliyeugua muda mrefu, hawana misuli ya kutosha kutengeneza kreatinini, basi damu yao inaonekana safi wakati chujio limechoka. Upande wa pili, sahani ya nyama choma jana usiku au unga wa kreatini wa mazoezi unaweza kuipandisha bila figo kuwa na shida. Septrini nayo huipandisha bila kuumiza chujio, na vivyo hivyo dolutegraviri iliyomo kwenye kidonge cha kila siku cha wanaoishi na VVU. Mwambie daktari unachomeza kabla hajatafsiri namba. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ni kesi nyingine. Hiyo inaweza kuipandisha kwa sababu kweli inaumiza.

Kwa upande wa moyo, eGFR huanza kupiga kengele baadaye kuliko ACR. Katika hesabu zilezile za 2010, ukilinganisha na mwenye 95, hatari ya kufa ilikuwa mara 1.18 ya yake kwenye 60, mara 1.57 kwenye 45, na mara 3.14 kwenye 15. Juu ya 60 mstari umekaa karibu tambarare. Ukingoja kreatinini peke yake ikwambie habari za moyo, utaambiwa umechelewa.

Ila isidharauliwe. Katika UKPDS, karibu nusu ya waliofikia figo kupungua nguvu hawakuwa na albumini kwenye mkojo kabla yake. ACR ingewapita. Tena eGFR ndiyo inayoamua dawa: metformini, dawa ya sukari, husimamishwa eGFR ikishuka chini ya 30, na dawa nyingi hupunguzwa kipimo kwa kuifuata yenyewe.

Sistatini C

Protini hii hutengenezwa na seli karibu zote za mwili, kwa hiyo haitegemei misuli kama kreatinini. Kwa bibi aliyekonda na mzee aliyekatwa mguu, ndiyo inayosema kweli zaidi, na kwa ubashiri wa moyo inafanya vizuri kuliko kreatinini. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2024 unataka zitumike pamoja pale kreatinini inapotiliwa shaka. Tatizo ni upatikanaji. Maabara nyingi za wilaya na mikoa hazina kemikali yake, na bei huwa juu ya viwili vya mwanzo. Nayo ina visirani vyake: dawa za steroidi, tezi ya shingo isiyotulia, unene na sigara huivuruga. Mimi ningeiacha kwa watu maalumu. Kama mwili wako ni wa kawaida na bado hujawahi kupima ACR, usikimbilie huku.

Ukiwa na hela ya kimoja

Nikamwambia mama: "Cha damu unacho humu kwenye daftari, na hesabu nimeshakufanyia bure. Lipia mkojo."

Huo ndio ushauri wangu kwa wengi. Kreatinini hupimwa mara kwa mara, kila ulazwapo, kila dawa ibadilishwapo, kwa hiyo karibu kila mwenye sukari wa siku nyingi anayo mahali fulani kwenye makaratasi. Kama haijapita miezi mingi na haukuwa mgonjwa siku hiyo, itoe ihesabiwe upya kwa umri na jinsia yako. Pesa iliyopo iende kwenye ACR, kwa sababu ndiyo ambayo karibu hakuna aliyewahi kuipima, na ndiyo inayosema mapema. Ambaye hajawahi kupima chochote na ana hela ya viwili, apime vyote siku moja. Kwa kisukari cha aina ya pili hivyo viwili vinatakiwa tangu mwaka wa kugunduliwa, kisha kila mwaka. Kwa aina ya kwanza, baada ya miaka mitano.

Ningebadili ushauri kwa watu wachache tu. Anayetapika na kuharisha, mkojo umepungua, au ametoka kumeza dawa za maumivu kwa wiki nzima, huyo apime kreatinini leo, mkojo utasubiri. Ambaye kijiti kilishaonyesha protini mbili au tatu za kujumlisha, ACR itathibitisha tu. Kwake kreatinini ndiyo ina habari mpya.

Majibu ya mama yalitoka mchana: albumini miligramu 54 kwa lita, kreatinini ya mkojo milimoli 6, ACR 9.0. Kijiti kisingeiona 54 hata kingerudiwa mara kumi. Sasa angalia uzito wa kuviweka pamoja. ACR ya 9 peke yake ni "kiasi". eGFR ya 58 peke yake ni "imeshuka kidogo". Lakini mwongozo wa Jumuiya ya Ulaya ya Magonjwa ya Moyo wa mwaka 2023 unamweka mwenye kisukari mwenye eGFR ya 45 hadi 59 pamoja na albumini ya kiasi kwenye kundi la hatari kubwa sana ya moyo. Vivyo hivyo aliye chini ya 45 bila kujali mkojo, na mwenye ACR ya juu ya 30 bila kujali damu. Chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, ambazo kliniki zetu nyingi hutumia, zinauliza umri, jinsia, sigara, presha, lehemu na kama una kisukari. Figo haziulizi. Kwa hiyo mtu anaweza kupata rangi ya kijani kwenye chati huku mkojo wake unapiga kelele, na usipomwonyesha daktari namba hizo mbili kwa pamoja, chati haitamkumbusha.

Na zipo hatua za kuchukua, ndiyo maana kipimo kinastahili hela. Steno hukohuko walichukua watu 160 wenye kisukari na mikroalbumini, nusu wakatibiwa kwa ukali upande wote, sukari, presha, lehemu na mwenendo wa maisha. Matokeo ya mwaka 2003 yalionyesha matukio ya moyo na mishipa yamepungua kwa karibu nusu. Dawa za presha za jamii ya enalapril na losartan hupunguza uvujaji wenyewe. Baadaye zikaja empagliflozin na dapagliflozin, zinazolinda figo na moyo kwa pamoja. Jambo moja la kuangalia: ukianza losartan, kreatinini inaweza kupanda kidogo ndani ya wiki za mwanzo. Isipozidi asilimia 30, kwa kawaida dawa inaendelea. Wapo walioiacha wenyewe kwa kuona namba imepanda, wakaitupa dawa iliyokuwa inawasaidia.

Tukakubaliana na daktari wake sampuli zirudiwe baada ya miezi mitatu, maana jibu moja halitoshi kumbandika mtu jina. Alirudi na kikopo cha mkojo wa alfajiri amekifunga kwenye mfuko mweusi. ACR 7.6, kreatinini 99, eGFR 57. Safari hii hakuja peke yake. Mumewe alikuwa amekaa benchi la nje na daftari lake mapajani, sukari mwaka wa tisa, na kila ukurasa wa mkojo umeandikwa neno moja: hakuna. Nikampa kikopo.